Baridi ya Nani? Miongozo ya mimea inayokula wadudu ikisomwa Kigoma

Karibu kila mwongozo wa kukuza mimea inayokula wadudu una agizo linalofanana: ikikaribia Oktoba au Novemba, punguza maji, acha mmea wako nje upigwe na baridi, na majani yakianza kuwa meusi usiogope. Haujafa, umelala. Utaamka Machi.

Sasa hebu lisome agizo hilo ukiwa Ujiji. Oktoba ndiyo mkia wa kiangazi. Jua linachoma, vumbi limetanda kwenye majani ya miembe, na watu wanatazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa kuona kama mawingu yameanza kujikusanya. Baridi gani? Hata Julai, mwezi wetu wa ubaridi, usiku wa Kigoma kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 15. Ukingoja baridi ya kuulaza mmea wako, utangoja sana.

Wengi wanaofika hapa huchukua moja ya njia mbili. Wapo wanaoupuuza mwongozo wote na kuuendesha mmea kama mchicha. Wapo wanaohitimisha kwamba mimea hii si ya huku, waachiwe Wazungu. Nadhani wote wanakosea, na kosa halikuanza kwao. Limeanza kwenye namna miongozo hii ilivyoandikwa: inatoa agizo, haisemi agizo hilo linatatua tatizo gani. Inataja baridi kana kwamba ni tabia ya mmea, wakati baridi ni tabia ya mahali mmea ulikotoka.

Kitabu kinachostahili sifa kabla ya lawama

Nitumie mfano mmoja unaojulikana: The Savage Garden cha Peter D'Amato, mkulima wa mimea hii kutoka Kalifornia, Marekani. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1998, na toleo lililorekebishwa likafuata 2013. Kwa mtu anayeanza, ni kitabu kizuri kweli. D'Amato anaandika kwa ucheshi, anaipenda mimea yake, na anakwenda hatua kwa hatua: udongo, maji, mwanga, vyombo, kisha kundi moja la mimea baada ya jingine. Anatofautisha vizuri mimea ya nchi za baridi na ile ya tropiki. Huwezi kumlaumu kwamba hajui tofauti hiyo.

Lawama yangu ni juu ya mahali msomaji anapodhaniwa kuwa amesimama, na hili halimhusu D'Amato peke yake. Ni la miongozo ya aina hii kwa ujumla. Msomaji anadhaniwa ana misimu minne, duka la bustani linalouza mboji ya kinamasi kwenye mifuko, na friji yenye umeme usiokatika. Katika ulimwengu huo, mmea wa baridi ndio unaokaa nje, na mmea wa tropiki ndio unaotengenezewa sanduku la kioo ili usife. Kigoma, mpangilio huo unageuka kichwa chini miguu juu, na hakuna ukurasa unaomwambia msomaji afanye kazi ya kuugeuza.

Agizo la baridi limetoka wapi

Tuanze na mmea maarufu kuliko yote, Dionaea muscipula, ule wenye jani linalofunga kama mdomo wenye meno. Porini unapatikana sehemu moja tu duniani: ukanda mdogo wa pwani ya North Carolina na South Carolina, Marekani, kuzunguka mji wa Wilmington. Huko usiku wa Januari maji huweza kuganda. Pia urefu wa mchana hubadilika: tofauti kati ya siku ndefu ya Juni na siku fupi ya Desemba inazidi saa nne. Kigoma, iliyo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, tofauti hiyo ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo Dionaea iliyoletwa huku inakosa taarifa mbili kwa mpigo: haipati baridi, na haipati mchana mfupi unaoiambia kwamba msimu umegeuka.

Kwa nini ilale? Fikiria hesabu ya nyumbani, ya mapato na matumizi. Mapato ya mmea ni sukari inayotengenezwa kwa mwanga. Matumizi ni kupumua, na kupumua hakusimami, usiku na mchana. Wakati wa baridi kwao mwanga ni hafifu, mapato yanashuka, na wadudu wa kutega ni wachache. Lakini baridi yenyewe inashusha matumizi. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana katika baiolojia ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka takriban mara mbili. Mmea ulio kwenye nyuzi 4 ndani ya friji, ukiulinganisha na ulio kwenye nyuzi 28 kibarazani, unatumia akiba yake polepole zaidi kama mara tano.

Hapo ndipo agizo la friji linapoeleweka. Wanaoishi sehemu za joto huambiwa watoe Dionaea kwenye chungu, waifunge na ukungu wa kinamasi wenye unyevu, waiweke kwenye friji kwa miezi mitatu hivi. Si uchawi, na si kwamba mmea "unapenda" baridi. Ni kuubania matumizi katika kipindi ambacho umbile lake linataka kupumzika. Wakuzaji wenye uzoefu wanasema Dionaea isiyopumzishwa hudhoofika mwaka hadi mwaka, na sina sababu ya kuwapinga. Ila mji wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na kila aliyekulia hapa anajua friji iliyozimika siku mbili inanukaje. Mwongozo unaosema "weka kwenye friji" bila kusema "la sivyo, usianze na mmea huu" haujamtendea haki msomaji wa huku.

Usingizi si lazima uwe wa baridi

Sasa tuje kwenye kosa kubwa zaidi: kuzungumza juu ya usingizi wa mimea hii kana kwamba daima ni usingizi wa baridi.

Nenda kusini magharibi mwa Australia. Huko kuna aina nyingi za Drosera, kundi la mimea yenye vinywele vinavyotoa utomvu unaong'aa kama umande na kunasa wadudu. Mvua yao hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi chao ni kikavu na kikali. Drosera nyingi za huko hufanya kinyume kabisa cha agizo letu: hukua wakati wa baridi, kisha jua likishika hatamu hukauka juu ya ardhi na kubaki kiazi kidogo ndani ya udongo hadi mvua irudi. Hulala wakati wa joto.

Mfano mwingine ni Aldrovanda vesiculosa, mmea wa majini usio na mizizi, wenye mitego midogo inayofunga kama ya Dionaea. Ni spishi moja tu, lakini imetawanyika Ulaya, Asia, Australia na Afrika, na Botswana ni mojawapo ya nchi inakopatikana. Ile ya Poland, baridi ikija, hujikunja ncha kuwa tumba gumu linalozama chini ya maji na kupanda tena maji yakipata joto. Ile ya kaskazini mwa Australia, kwenye joto, haina haja ya tumba la namna hiyo. Spishi ileile, kalenda tofauti.

Kwa hiyo usingizi ni jibu la mmea kwa msimu mgumu wa kwao. Mahali pamoja msimu mgumu ni barafu, mahali pengine ni ukame, na kwingine mmea haulali kabisa bali unakufa na kuacha mbegu. Swali ambalo mwongozo ungepaswa kumwuliza msomaji lingekuwa hili: kwenu msimu mgumu ni upi, na unamnyima mmea kitu gani?

Msimu mgumu wa Kigoma

Kwetu jibu liko wazi. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuishia Aprili au Mei. Kinachofuata ni miezi mitano hivi ya ukavu. Na hapa Kigoma kuna kitendawili ambacho hakuna mwongozo wa ng'ambo unaokiona: umekaa kando ya ziwa la pili kwa kina duniani, na maji yake hayafai kwa mmea wako.

Mimea inayokula wadudu hutoka kwenye ardhi fukara, yenye maji yasiyo na chumvichumvi nyingi na mara nyingi yenye uchachu. Ndiyo sababu iligeukia wadudu: inatafuta naitrojeni na fosforasi ambazo udongo hauna. Mizizi yake haikuzoea wingi wa madini. Wakuzaji hushauri maji yenye madini chini ya miligramu 50 kwa lita. Maji ya Ziwa Tanganyika yana zaidi ya miligramu 400 kwa lita, na pH yake ni kama 9, yaani upande wa nyongo, si wa ndimu. Maji ya bomba ya Kigoma Ujiji huvutwa ziwani humohumo.

Kwa nini ziwa liko hivyo? Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, siyo kwa kutoka kupitia mto Lukuga. Mvuke huondoka mtupu, madini yanabaki. Juu ya hapo, mto Ruzizi unashusha maji yenye madini mengi kutoka Ziwa Kivu. Ziwa limekuwa kama sufuria ya maharage inayochemka huku ukiongeza maji kidogokidogo: chumvi haitoki.

Na chungu chako ni sufuria ndogo ya namna hiyohiyo. Tufanye hesabu. Tuseme mmea unatumia robo lita kwa siku wakati wa kiangazi. Kwa maji ya ziwa, kila siku unauachia miligramu 100 za madini. Siku 150 ni gramu 15, sawa na vijiko vitatu vya chai kama ungepima kwa chumvi ya Uvinza. Madini ya ziwani si chumvi ya mezani tupu, yamo magnesiamu na bikaboneti kwa wingi, lakini picha ni hiyo. Hebu mwaga vijiko vitatu kwenye chungu kimoja uone. Mmea unaokufa Septemba hapa haufi kwa kukosa baridi. Unaweza kuwa umekufa kwa maji.

Zingatia pia kwamba kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, na maji yakipungua, madini yaliyobaki yanazidi kukolea. Dawa ya kutibu maji ya kunywa haiondoi madini. Na maji ya chupa mengi yana madini, soma lebo.

Suluhisho ni rahisi na liko juu ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kipande cha bati chenye mita mbili za mraba, mvua moja ya milimita 20, ni lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20. Robo lita kwa siku kwa siku 150 ni lita 37 na nusu. Umeona? Mvua moja nzuri ya Machi inavusha mmea mmoja kiangazi chote. Acha mvua za kwanza zisafishe vumbi la bati, kinga zinazofuata, na funga madumu vizuri ili usifuge mbu.

Hiki ndicho ninachokiita kupitisha msimu kwa Kigoma. Kama Mwingereza anavyofikiria Oktoba jinsi ya kuvusha mmea hadi Machi, wewe fikiria Machi jinsi ya kuuvusha hadi Novemba. Kinga lako la jua kali na upepo mkavu wa Julai ni sinia la maji ya mvua chini ya chungu na kivuli chepesi saa za mchana, siyo friji.

Je, hakuna baridi Tanzania?

Ipo. Usiku wa Juni na Julai huko Njombe na Makete huteremka chini ya nyuzi 10, na Makete hata sakitu huanguka. Mtu wa huko anaweza kujaribu kuacha mmea wa Marekani nje kwa matumaini zaidi kuliko mtu wa Kigoma. Lakini naye asome kwa uangalifu: baridi yake inakuja Juni, siyo Desemba, inakuja pamoja na ukavu, na mchana wake haufupiki kama wa Carolina. Akifuata miezi iliyoandikwa kitabuni, ataunyima mmea maji Novemba, wakati wa mvua, na kuulazimisha ukue Julai, wakati wa sakitu.

Tunachokipoteza

Ungeweza kusema haya ni mambo ya watu wachache wenye muda wa kufuga mimea ya ajabu. Lakini fikiria mwanafunzi wa sekondari Kigoma. Akiulizwa mfano wa mmea unaokula wadudu, atataja Dionaea wa Carolina. Yeye hajawahi kuiona na pengine hataiona. Na akijifunza kwamba mimea hii inataka baridi, atahitimisha kwamba kwao haipo.

Ipo. Jenasi ya Utricularia ina spishi zaidi ya 20 zilizorekodiwa Afrika Mashariki. Peter Taylor, mtaalamu wa Kew aliyelichambua kundi hili kuliko mtu yeyote, aliandika sehemu yake katika Flora of Tropical East Africa, kisha mwaka 1989 akatoa kitabu kizima juu ya jenasi hiyo duniani. Baadhi huelea kwenye vidimbwi, nyingine huota kwenye mchanga wenye majimaji, na unachokiona ni ua dogo la njano au la zambarau tu. Silaha zimefichwa chini: vifuko vidogo vinavyofyonza maji na kiumbe kilichogusa mlango, chini ya elfu moja ya sekunde. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1875 juu ya mimea hii, alidhani wanyama hao hujisukuma wenyewe kuingia. Tanzania ina Drosera pia, kama Drosera madagascariensis, na Genlisea, yenye mitego ya chini ya udongo. Zote hizi hazikungoja friji.

Mkoa wa Kigoma unashiriki ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye kilomita za mraba 32,500. Ardhi oevu kama hii inabanwa na kilimo, mifugo na moto. Mimea inayokula wadudu huishi kwa sababu maji na udongo wake ni fukara. Mbolea ikitiririka humo, magugu yenye nguvu huifunika. Mtu asiyejua kwamba ipo hawezi kugundua siku imetoweka.

Mwongozo ninaoutaka

Sitaki tutupe vitabu vya kina D'Amato. Nataka uvisome ukiuliza swali moja kwa kila agizo: hili linatatua tatizo gani, na tatizo hilo ninalo? "Weka nje baridi ikija" linatatua tatizo la mmea uliozoea mapumziko. Kama huna njia ya kuupa, chagua mmea usiohitaji. "Weka mmea wa tropiki kwenye sanduku la kioo" linatatua tatizo la nyumba kavu ya Ulaya; wewe una kibaraza, na sanduku la kioo juani Kigoma ni jiko. "Tumia maji yasiyo na madini" linatatua tatizo ambalo unalo, na pengine unalo kuliko aliyeliandika. Hilo lishike kwa mikono miwili.

Ukitaka kuagiza mmea au mbegu kutoka nje, fuata taratibu za afya ya mimea na vibali. Dionaea imo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Na usimwage mimea ya majini ya kununua kwenye mto au ziwa; gugumaji la Ziwa Viktoria lilishatufundisha.

Lakini kabla ya kuagiza, subiri mvua. Zikishatulia, Januari au Februari, kama uko Kasulu, Uvinza au Kibondo, pita kwenye mbuga na vidimbwi vya maji matulivu. Tafuta ua dogo la njano limesimama juu ya maji bila jani linaloonekana. Inua kamba yake taratibu uangalie kama ina vifuko vidogo kama chembe za mtama. Piga picha, andika tarehe na mahali, kisha irudishe. Rudi tena palepale Agosti, pakiwa pamekauka, uandike ulichokuta. Picha hizo mbili, ya masika na ya kiangazi, ndizo ukurasa wa kwanza wa mwongozo ambao bado hatuna.